Ndewe ya Kuku

Kasese, saa kumi na mbili asubuhi.
Kabugho anapuliza jiko kando ya stendi ya malori.
Trei mbili mezani:
moja imejaa kahawia, ya Masereka,
mwenye kuku mia sita wasiowahi kukanyaga nyasi;
nyingine nusu tupu, vijiyai vyeupe,
kimoja bado kina unyoya,
vimeshuka kwa baiskeli kutoka Kyarumba
vikiwa vimeviringishwa majani makavu ya mgomba.
La kahawia mia tano. Jeupe mia nane.

"Nipe meupe," anasema Thembo,
mpakia saruji, kope zake zina vumbi la kiwanda.
"Hayo mengine ni sindano tupu.
Meupe yana nguvu. Muulizeni mke wangu."
Benchi zima linacheka ndani ya vikombe.

Muuguzi Ithungu, akitoka zamu ya usiku, anabisha:
"Jeupe ni yai lenye upungufu wa damu.
Kabugho, nikaangie la kahawia."

Mimi Muhindo, muosha sahani,
niliyezaliwa baada ya wavulana watatu
nikapewa jina la anayegeuza mfululizo,
nimefuga kuku. Nimezika mia na arobaini
kwa kideri, wiki moja, shimo moja.
Kwa hiyo niacheni niseme.

Kila yai huanza jeupe.
Usiku kucha, ndani ya giza la kuku,
chokaa hulala juu ya chokaa,
na saa chache tu kabla ya kutoka
kuku mmoja hulipaka rangi,
mwingine hana cha kulipaka.
Basi. Hiyo ndiyo kesi yote.
Lisugue kwa siki, kahawia itachujuka kama hina.
Ganda gumu? Mama yake bado kijana.
Kiini cha njano? Alidonoa mahindi, mchicha,
panzi mmoja asiye na bahati.
Ukitaka kujua rangi kabla halijatagwa
achana na manyoya, mtazame kuku ndewe:
ndewe nyeupe, yai jeupe,
ndewe nyekundu, yai la kahawia,
mara nyingi.
Kuku wa Kyarumba hawajasoma kitabu hicho.

Nilisema. Ithungu alipiga mwayo.
Thembo hasikii ndewe wala sikio.

Kisha mvua ya Jumapili ikabeba daraja
na Jumatatu baiskeli haikufika.
"Mawili, meupe," akasema Thembo, akakaa.
Kabugho alinitazama. Akalipa benchi mgongo.
Akavunja mawili ya kahawia kwenye kikombe cha plastiki,
kitunguu, kabichi, nyanya, chumvi ya Katwe,
akapiga kwa uma haraka haraka
kama anayefuta maandishi ubaoni.
Maganda akayaangusha miguuni pangu.
Mafuta yakaimba, chapati ikakunjwa.

Thembo alikula amefumba macho.
"Mnaona?" akasema. "Haya ndiyo mayai."
Akahesabu elfu moja na mia sita, noti na sarafu.
Kabugho akamrudishia mia sita.
"Leo bei imeshuka."
"Kwa nini?"
"Mvua."
Akaondoka akiikung'uta suruali, ameshiba, ana nguvu.

Usitafute fumbo hapa la watu na ngozi zao.
Nilikuwa nimechuchumaa, nikiokota maganda.
Kwa nje, udongo wa kichuguu.
Kwa ndani, yale yale maziwa
ya ganda la jana, na la juzi.

Jioni nayakausha juu ya bati,
nayatwanga, meupe na ya kahawia kinu kimoja,
nawamwagia kuku wangu saba waliobaki.
Wanagombania. Hawachagui.
Yule jike mwenye ndewe nyeupe
anameza kipande cha kahawia, anafuta mdomo mchangani,
na kesho asubuhi, nyuma ya gunia la makaa,
atataga lake,
jeupe,
na kupiga kelele kana kwamba ni la kwanza duniani.