Kijiti cha Kupimia

Mama alipima majira ya baridi kwa kijiti.
Alishuka chini ya nyumba, akafunua tangi,
akakitumbukiza, akakitoa, akakisogeza kwenye balbu
kama muuguzi anayesoma homa.
"Vidole vinne." Au, "Vitatu."
Vitatu maana yake chumba cha wageni kinafungwa,
watoto wanne kitanda kimoja,
na bibi anakunywa supu na koti lake mwilini.

Aliyejaza tangi alikuwa baba.
Hallvarður wa lori la kijani,
mpira wa mafuta begani kama chatu aliyeshiba.
Ghuba nzima ilimngoja yeye,
naye aliingoja meli,
na meli ilingoja nini, hatukuuliza.

Kisha redio ikataja vita,
huko jangwani, theluji wasikoijua,
na kabla uji haujapoa
bei ikapanda, ikapanda tena.
Baba akarudi jioni na daftari la madeni,
majina ya majirani kwa mwandiko wake mbaya.
Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuuma.
Mjane wa Brekka alimwambia, "Nitilie nusu,"
akasimama mlangoni kuhakikisha ni nusu.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini:
na mtegemea cha meli, je?

Kondoo wa Ásgerður walikuwa na jibu siku zote.
Walilala nyuma ya zizi, mahali pamoja,
ambapo theluji ilianguka isikae.
Ásgerður, karani wa halmashauri, miaka thelathini na minne,
aliuliza kikaoni kwa sauti ya kusoma risiti:
"Tunanunua moto ng'ambo ya bahari.
Huu tunaoukalia, ni wa nani?"

Wakapiga kura kukopa fedha za kuchimba.
Baba hakunyoosha mkono.
Wala hakuuficha mfukoni.
Uliketi juu ya goti lake, mweusi kucha,
kama kitu alichokabidhiwa amtunzie mtu.

Shimo la kwanza: mita mia nne,
maji ya uvuguvugu, ya kuoshea miguu.
Mji ukacheka. Deni halikucheka.
Shimo la pili, Machi, usiku, keekee ikilia
hadi mbwa wakanyamaza kwa aibu,
ardhi ikakohoa, ikapumua,
na nguzo ya mvuke ikasimama nyeupe gizani.
Watu walitoka na nguo za kulalia.
Mjane wa Brekka alivua glavu
akanyoosha viganja, hakusema kitu.

Kiangazi kile baba alichimba mitaro.
Nani mwingine aliijua njia ya kila nyumba?
Alilaza mabomba mlango kwa mlango,
kisha akarudi kung'oa matangi,
moja moja, yale aliyoyalisha miaka kumi na tisa.
Letu aliling'oa la mwisho.
Lori akaliuza kwa mtu wa kaskazini
na hakwenda kulitazama likiondoka.

Sitaki kudanganya: tulikuwa bado hatujawa huru.
Mashua za uvuvi zilikunywa dizeli, na zinakunywa bado,
na trekta, na ndege inayoleta barua.
Na maji yale yananuka yai lililooza;
wageni hukunja pua bafuni,
sisi tukisafiri tunaona maji ya wenzetu hayana ladha.

Lakini chumba cha wageni kiko wazi.
Mama alipanda nyanya dirishani, Januari,
nje upepo ukichuna rangi za mabati,
na mche ulipolegea akautafutia mhimili:
kile kijiti,
cheusi bado hadi kidole cha nne.

Baba hula nyanya zile kwa chumvi, kimya.
Ila usiku wa dhoruba namsikia akiamka,
miguu ikitafuta buti sakafuni;
kisha kiganja chake kinagusa bomba ukutani,
kinakaa pale kitambo,
na kitanda kinalia tena.