Koti la Timu

Baba alioa kwa koti la timu,
la kijani, vifungo vya shaba,
lililoshonwa Dar kwa kipimo chake
kwa ajili ya Montreal asikokwenda.
Kwenye picha ya harusi
nembo ya kifuani imefunikwa kwa asumini.

Sabini na sita, mwezi wa saba.
Mita mia nane.
Alijifunzia barabara ya Chake,
kona baada ya kona kutoka Wete,
alfajiri, Maalim Shaame nyuma yake kwa baskeli,
saa ya kubonyeza mkononi,
akimtukana kwa upole.
Begi lilikwisha fungwa.
Kisha redio ikasema: hatwendi.
Wale waliocheza raga na makaburu watakuwako,
basi sisi hatutakuwako.
Sauti ya kawaida tu.
Baada yake, hali ya hewa.

Hukukasirika?
"Nilikasirika, nikala. Kisha nikakasirika tena."
Hakuna aliyemuuliza. Halisemi hilo kwa uchungu,
hulisema kama mtu ahesabuye chenji:
aliyetangaza hakuwa na viatu vya misumari,
aliyekuwa navyo hakutangaza.

Udogoni nilimuuliza, ungeshinda?
Akanionesha muda wake, dakika moja
na sekunde hamsini na mbili,
kisha, kwenye gazeti lililokatika mikunjoni,
muda wa waliokimbia.
Katikati angepita ng'ombe na mchungaji wake.
"Ningetoka mchujo wa kwanza," kasema.
"Walininyima hata kushindwa kwangu."
Akalikunja gazeti.
"Lakini sinia likiwa na pengo la mtu mmoja,
walioketi wote hulitazama pengo."

Jana usiku, majumba ya Wete, ghorofa ya pili,
vijana walikuja kwetu na ugomvi wao.
Mashindano yameanza.
Kaka yake Mbwana alikwenda huko kujenga kiwanja;
lilirudi begi lake
na barua yenye muhuri, kwa lugha isiyosomeka nyumbani kwao.
"Tuzime televisheni," Mbwana kasema. "Jumba zima."
Asaa akacheka:
"Ukisusa, wenzio wala.
Nani huko atajua kama Wete kumezimwa?"
Wakamgeukia baba.
Mzee, nyinyi mlisusa. Ilisaidia?

Akaingia chumbani, akarudi na saa ya Maalim.
"Hii mwisho wake dakika thelathini.
Mshale ukifika juu, huanza upya.
Makaburu walikaa miaka kumi na minane baada yangu.
Haya, nipimieni."
Hakuna aliyenyoosha mkono.
Nilidhani amemaliza.
"Pengo langu lilikuwa moja. Yalikuwapo mengine,
na watu waliofungwa, na waliokufa, na waliokataa kununua.
Lipi lililowaangusha? Sijui. Na anayejua ananidanganya.
Ila mtu asisuse sahani ya mwenziwe.
Mbwana huyu anapenda mpira kuliko nyinyi nyote.
Akizima yeye, kimezimwa kitu.
Mimi nilizimiwa."

Mbwana akaizima mwenyewe.
Kioo kikawa cheusi, sote tumo ndani yake,
Asaa na mdomo wazi, baba na ile shingo yake ndefu.
Ikasikika feni. Akasikika mama jikoni
akikwangua ukoko wa wali.

Kisha jumba la pili likalipuka,
madirisha yote kwa pamoja,
mtu akipiga sufuria, mtoto akilia kwa kuamshwa.
Hapakuwa na aliyesema neno.
Mbwana alikuwa akiutazama mkeka,
akiung'oa ukili mmoja, polepole, bila kujua.

Baba alivumilia.
Nilimwona akibonyeza saa chini ya kanzu,
nikamwona akiibonyeza tena,
na naapa haikupungua wala kuzidi
dakika moja na sekunde hamsini na mbili.
Halafu akainamia dirisha,
akaita gizani:

"Nani kafunga?"