Mahali Unapokaa

Sijui kilichonichoma zaidi siku ile,
jua la Busia au swali la kijana wa dirishani:
"Mama, mahali unapokaa?"
Nabwire akajibu kama aliyeulizwa njia ya kisimani:
"Shuka hadi tuta lilipokatika,
acha kanisa kushoto, utaona paa la mabati,
au ncha yake, maji yakipungua."
Kijana aliinua kalamu.
Hakuandika.

Mto Nzoia una benki yake tangu zamani:
hupokea tu, hautoi risiti.
Ulipokea kuku kumi na wanne, mlango na fremu yake,
ukapokea sanduku la chama lenye kufuli tatu,
funguo zikabaki shingoni mwa wenyewe
zikigongana vifuani, hazina cha kufungua.

Walipopanda kwetu mlimani
tulihesabu vyoo kabla ya kuwapa pole.
Nasema kweli. Mimi nilihesabu kuni zangu.
Jioni nikazihesabu tena.

Ila yule mwanamke alikuwa na daftari.
Mtoto mgongoni, daftari utosini
ndani ya mfuko wa unga uliofungwa mafundo mawili:
majina thelathini na moja, hisa za shilingi hamsini,
faini ya kuchelewa, faini ya kusengenya
(hiyo ya mwisho wengi walikuwa wanadaiwa).
Pesa zilikwenda ziwani. Madeni hayakwenda popote.
Kila Alhamisi, turubai likipigwa na upepo,
waliitana majina, wakatoa kumi, wakatoa tano,
aliyekosa akaandikiwa,
nami nachungulia kwenye ua, mwenye boma,
mwenye mlango unaofungika,
akiba yangu soksi moja ndani ya gunia la mtama.

Nikamwita siku hiyo, ugali ukiwa bado jikoni.
"Nyinyi mna daftari," nikamwambia. "Sisi tuna anwani."

Tukarudi Busia.
Sasa ikawa zamu ya mashine kumkataa:
taa nyekundu, nyekundu, nyekundu.
Miaka ishirini ya kusuka mafunjo
imemfuta vidole. Alama zake ziliondoka na mikeka,
zimetandikwa Kisumu, zimetandikwa Eldoret,
watu wanalalia jina lake na hawajui.
"Jaribu dole gumba la kushoto," kijana akasema.
Akalipuliza kwanza, kama apozaye chai.
Kijani.

"Mahali unapokaa?"
"Kwangu," nikadakia.
"Na akaunti yako wewe, mama?"
Hapo nikatazama viatu vyangu.
Shamba lina jina la baba mkwe,
na marehemu hatii sahihi.
Ndipo Nabwire akafungua mfuko wa unga,
mafundo mawili, taratibu, foleni ikiguna nyuma yetu,
akageuza hadi ukurasa usio na doa la matope,
akaniandika wa thelathini na mbili.

Ujumbe ulifika Jumanne, simu ikiwa chajini dukani.
Nilimsomea: salio, elfu sita mia nne na ishirini.
"Soma tena."
Nikasoma.
"Tena. Polepole."

Leo ni Aprili, mvua inatwanga bati,
na mto huko chini umeanza ile sauti yake.
Analala jikoni kwangu siku hizi, yeye na mtoto.
Nimesikia tone likianguka, nikakurupuka:
"Nabwire! Daftari liko upande unaovuja!"

Amevuta blanketi, akamfunika mtoto miguu.
"Liache lilowe."