Daftari la Waliokosa

Waliosema akiba haiozi
hawakuwahi kuagiza mtindi
wa kijiji cha Grinilandi kinachofikiwa na meli mara mbili kwa mwaka:
Julai barafu ikilegea,
Septemba kabla haijafunga tena.
Mimi nimewahi. Ndiyo kazi yangu.
Nakaa Aalborg, ghorofa ya pili, bandarini,
dirisha likitazama makontena,
na kikombe cha kahawa kimeacha duara
juu ya karatasi ya hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu.
Kuna gharama ya kuzidi: maziwa yaliyoganda, betri zilizofia rafuni.
Kuna gharama ya kukosa.
Chukua hii ya pili, igawe kwa jumla ya zote mbili,
upate, tuseme, tisa kwa kumi;
kisha tembea juu ya mchoro wa mahitaji, toka kushoto,
hadi mahali ambapo miaka tisa katika kumi
rafu itaiona meli kabla haijawa tupu.
Hapo simama. Agiza.
Kuhusu mwaka wa kumi mfumo hausemi neno.

Machi, mfumo ulisema:
betri za vifaa vya kusikia, pakiti sita.
Mwaka jana ziliuzwa sita. Mwaka juzi sita.
Mstari umenyooka kama uzi wa mwashi.
Niliupenda mstari ule, sitaficha.

Bibiane, mwenye duka, akapiga simu.
Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno langu likinirudia
kana kwamba halikupokelewa.
"Ziliuzwa sita," alisema, "kwa sababu zililetwa sita.
Ziliisha Novemba.
Umewahi kuuliza Desemba ilikuwaje?"

Sikuwahi.
Rafu tupu haiandiki kitu.
Katika jedwali langu Desemba ni sifuri, Januari sifuri,
na sifuri zile nilizisoma kama utulivu,
kama watu walioshiba.

Akanisomea daftari.
Jaladani, aliniambia, kuna picha ya farasi,
mnyama asiyewahi kukanyaga kijiji kile.
Ndani huandika waliokuja wakarudi mikono mitupu.

Tarehe tatu Desemba, Jokum, betri za sikio.
Tarehe tisa, Jokum.
Hamira, mwalimu Else. Kamba ya mshipi, Aqqalu. Hamira. Hamira.
Tarehe kumi na nne, Jokum; alisema si neno.
Mishumaa ya keki, mtoto, hakutaja jina,
alisimama kidogo akizitazama pipi.
Tarehe ishirini, mke wa Jokum, kwa niaba yake.
Januari nzima Jokum hayumo.

"Alizipata kwingine?" niliuliza,
mimi mwenye shahada mbili.
"Aliacha kuja."

Usiku ule niliufungua mfumo.
Kila penye sifuri baada ya rafu kuisha
nilifuta, nikaandika: haijulikani.
Mstari wangu ulionyooka ukavimba,
ukawa na tumbo na shaka,
na jibu likatoka: pakiti ishirini na nne.

Torben, bosi wangu, alikuna kidevu.
"Mtaji utalala," alisema.
"Acha ulale," nikasema.

Mwaka umepita. Meli ya Julai imerudi na hesabu:
pakiti tisa zimebaki, tarehe zimepita.
Nimeziandika kwenye safu ya kuzidi, kwa wino,
na Torben amezizungushia duara, haki yake.

Ila Bibiane aliongeza sentensi moja chini ya fomu,
kwamba Januari, usiku wa kiza kile cha mchana kutwa,
Jokum aligombana na mwanawe kwa simu saa nzima
juu ya penalti ambayo refa hakuiona,
na nyumba ya pili ilisikia kila neno.

Safu ya kuliandika hilo sina.
Bibiane naye hana;
daftari lake ni la waliokosa.