Kufika Jana

Kutoka kwetu Apia hadi Pago Pago
ni kilomita mia na ishirini na ushei,
dakika thelathini na tano upepo ukiwa mwema,
arobaini ukiamka na kisirani.
Haya nayajua kama ninavyojua uzito wa watu:
kazi yangu ni mizani.
Ndege ina viti kumi na tisa, haina siri.
Kila abiria hupanda juu ya sahani ya chuma
na mkoba wake, na haya zake,
nami naandika.

Kati ya visiwa hivi vya ukoo mmoja
wamepitisha mstari wa tarehe.
Hauonekani. Rubani Semisi asema ndege haishtuki,
chai haimwagiki.
Ila ukiruka huku Jumanne saa tatu
unatua kule Jumatatu,
saa tatu na dakika thelathini na tano.
Saa ya mkononi huigusi;
kalenda tu ndiyo inayokutazama upya.

Lagimaina alikuja Jumanne moja,
ametimiza sabini na moja, na siku moja juu yake.
Mkeka wa miezi minane ya kusuka,
makopo sita ya nyama,
shada la maua lililokwisha kuanza kulegea.
Mizani ikazidi kilo nne.
"Ondoa makopo, mama."
"Ondoa mafuta yangu," akanijibu. "Makopo ni ya Sieni."

Sieni ni pacha wake.
Miaka tisa hawajasemezana,
kisa kipande cha shamba la mama yao:
minazi saba na kisima kilichokauka.
"Jana ilikuwa siku yetu ya kuzaliwa.
Nikaishika simu asubuhi, nikaishika jioni,
sikupiga. Nikalala nayo kifuani
kama jiwe lililotolewa motoni."
Akaegemea kaunta yangu.
"Sasa nataka kufika jana."

Nimekata tiketi za harusi, za msiba,
za watu waendao kung'oa meno;
hiyo sijapata kuombwa,
na hiyo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Sawa. Lakini ng'ambo ya mstari
mtungi ulikuwa bado umesimama.

Nikaandika kilo nne pungufu.
Mungu anisamehe, na Semisi pia.

Nikatoka nje na kalamu sikioni.
Ndege ikawa inzi,
ikawa nukta,
ikawa jana.

Kama Sieni alifungua mlango, sijui.
Semisi, ukimuuliza, atakueleza habari za mawingu.
Najua kwamba Ijumaa ya kurudi
jina la Lagimaina lilikuwa kwenye orodha
na mbele yake, pale pa uzito, pakavu.
Tiketi ile imepitwa na tarehe mara mbili:
kwanza huku kwetu,
kesho yake, kule.