Umeme Haubishi Hodi

Eluned alizima swichi kuu,
akapima waya mara mbili,
maana umeme hauna adabu ya kubisha hodi.

Mtaro ulimfika magotini. Udongo wa Bangor
ulikuwa umekunywa mvua ya wiki nzima,
ukamtapikia kijiko cha marehemu Ifan,
kile alichokitafuta hadi akamlaumu paka.

Akalaza waya wenye deraya,
juu yake utepe wa manjano,
jembe la kesho lisije likauliza njia kwa ncha.

Soketi akaivika kofia ya mpira,
mbali na maji yanapotuama.
Akawasha. Akabonyeza kitufe cha kujaribia:
tap! Giza.
“Vyema,” akakiambia kikata-umeme. “Wewe unajua kuacha.”

Usiku taa ikamulika kabichi,
konokono wanne,
na kiti kimoja
palipokuwa na viwili.