Mswaki wa Tatu

*Halifax, Kanada, Februari 1974*

Mkaguzi wa ustawi wa jamii alikuja Jumanne,
akafuta viatu mlangoni, maana ana adabu,
akaenda moja kwa moja bafuni
akahesabu miswaki.
Wangu. Wa Corinne. Na wa tatu, mwekundu,
nywele zake zimelala kama majani yaliyokanyagwa.
Sikuona alichoandika.
Niliona tu mkono wake haukusita.

Kisha barua: *Imebainika kwamba mhusika
anaishi na mwanamume. Posho imesitishwa.*
Mwanamume! Nilimtafuta uvunguni.
Nilimtafuta kabatini, nyuma ya sufuria.
Kama yupo, mbona theluji ya mlangoni
naichota peke yangu?

Ijumaa wakaja wa kikundi, jikoni kwangu.
Ardith, mwanasheria, alifungua mkoba:
"Kifungu hiki hakimgusi baba mwenye watoto
anayelala na mwanamke. Hapo ndipo tuwabane.
Haki ileile, kwa maneno yaleyale."
Akapiga mstari kwa wino wa kijani.

Noreen wa kiwanda cha samaki,
vidole vimechubuka kwa chumvi,
alicheka hadi chai ikamwagika.
"Rekebisha maneno, njaa ibaki na sarufi safi!
Nani anafua shati la mpakia meli?
Nani anamzaa mpakiaji wa kesho, tena bure?
Hawakupi posho, dada. Wanakulipa deni,
senti kwa senti, na masimango juu."

Huguette hakukaa. Hakai kamwe.
"Nyie mnabishania kiasi.
Mimi nauliza bwana yule alitumwa chumbani kutafuta nini.
Akiwepo mume, mume akulishe.
Asipokuwepo, serikali ndiyo mume,
na mume hujipa haki ya kufunua shuka."

Kimya kiliingia, kikavuta kiti.

Verna alikuwa bado hajavua koti.
Verna, ambaye mtaa wa wazazi wake
ulilimwa na matingatinga, ukaitwa maendeleo.
"Kwako, Ardith, hawajawahi kuja.
Kwako, Noreen, wanabisha hodi.
Kwetu hawabishi.
Mama yangu alifua shuka za mama yako, Ardith,
nasema tu, sina hasira,
na siku mama yako alipopata uhuru wa kwenda kazini
mama yangu alianza kurudi saa tatu usiku.
Andikeni na hilo kwenye rufaa."

Ardith aliweka kalamu chini.
Akaishika tena. Hakuandika.

Mimi nilikuwa namenya viazi.
Nilikubaliana na kila mmoja kwa zamu,
kama mtu anayejaribu makoti dukani bila hela,
na kila koti lilinibana pahala pake.

Ndipo Corinne akaamka akilia.
Wote wanne waliinua shingo.
Huguette, anayesema uzazi ni gereza la kwanza,
ndiye aliyefika kwanza.
Akarudi naye begani, akimbembeleza
kwa Kifaransa cha kwao cha pwani,
na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Samahani," Ardith akasema, "sijakuuliza.
Ule mswaki ni wa nani?"

Wa jiko.
Nasugulia vichomeo kila Jumamosi, kwa magadi,
mpaka vitundu vipumue.

Wakageuka wakalitazama jiko. Linang'aa.
Hakuna fomu, ya mkaguzi wala ya kikundi,
yenye kisanduku cha jambo hilo.
Verna ndiye aliyeanza kucheka,
na alipocheka ndipo akavua koti.

Tumepeleka rufaa: kurasa tisa, mikono mitano,
tumegombana hata juu ya kichwa cha habari.
Ukurasa wa saba ni wa mama yake Verna.
Mwandiko ni wa Ardith.

Jibu halijaja.
Jana nilinunua mswaki wa nne.
Wa bluu. Hauna mwenyewe.
Nimeusimamisha kwenye gilasi, mbele kabisa,
asije mhesabuji akapata tabu.